Chupa Niliyoifungua Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka kwa miguu kutoka Kibuli, nikakatiza mji wa Kampala, nikapanda Nakasero hadi kwenye hoteli ambayo sitaitaja jina. Nilivaa suruali ya marehemu baba, mama akiwa ameipunguza kiunoni. Mama aliamini nakwenda kufanya kazi katika stoo ya chakula. Hata mimi niliamini hivyo, kwa sababu barua ya kuniita ilisema "stoo" tu. Mkuu wa Stoo, Mkenya mnene wa Kisumu aliyekuwa akipumua kwa sauti, alinishusha ngazi hadi chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha, akawasha taa, nikaona chupa. Zilikuwa zimelala kwenye rafu kutoka sakafuni mpaka darini, mamia kwa mamia.

"Bwana," nikamwambia, "mimi ni Mwislamu. Sisi ni Wanubi wa Kibuli."

"Unakunywa?"

"Hapana."

"Utakunywa?"

"Hapana, bwana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi Mungu amenisikia. Wote waliokutangulia humu niliwafukuza kwa kunywa. Kesho njoo na sweta, humu kuna baridi."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mvinyo, nikakaa humo mpaka nywele zikawa nyeupe. Mama nilimficha. Alifariki akijua mwanawe ni mtu wa mchele na mafuta. Watu wanaonifahamu, nikiwaambia kwamba nina aibu na miaka yangu ya kazi, hudhani nazungumzia hilo. Hilo nitalijibu kwa Mola wangu. Ninaloliandika hapa ni jingine, na linamhusu mtu niliyefanya naye kazi. Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea kazi za hoteli, kwa sababu ninyi ndio mmekuwa mkija nyumbani kwangu kuniuliza maswali na kuniita mwalimu.

Mkuu wa Stoo alinifundisha mambo ya msingi. Chupa hulazwa ili mvinyo uguse kizibo, maana kizibo ni gome la mti, kikikauka kinanywea na hewa inaingia. Juu ya kizibo kuna kofia, yaani ile karatasi nyembamba ya bati inayofunika mdomo wa chupa. Kofia ikiwa imechanika au kizibo kikiwa kimepanda juu, chupa hiyo ina jambo. Mvinyo mwekundu hupata rangi yake kwa kulowekwa pamoja na maganda ya zabibu nyeusi, na maganda hayo ndiyo yanayoleta ule ukakasi unaokausha ulimi. Mweupe hukamuliwa maganda yakatupwa. Aliniambia pia kwamba umbo la chupa linasema nusu ya habari. Zenye mabega zinatoka huku, zenye mteremko zinatoka kule, na zile ndefu nyembamba za kijani, kama shingo ya korongo, zinatoka Alsace, mkoa wa Ufaransa ulio mpakani na Ujerumani.

"Na Alsace ni mweupe," aliniambia. "Ukiona chupa ndefu ya kijani, peleka kwenye baridi."

Yeye alikuwa akionja, mimi nikinusa na kutazama. Sikuwahi kumeza. Mwanzoni nilithubutu kugusisha ulimi na kutema, kisha nikaacha, moyo haukunipa. Badala yake nilisoma. Kulikuwa na kijitabu cha zamani chenye ramani, kilichoachwa na muuzaji mmoja, nikakisoma mpaka kurasa zikaanza kuachana. Ukurasa wa Alsace ulikuwa na majina ya mvinyo mweupe peke yake. Nilikariri kila jina. Mkuu wa Stoo alipostaafu na kurudi kwao, nilipewa funguo zake. Baadaye nikapandishwa juu, ukumbini, nikaitwa Msimamizi wa Mvinyo. Maana yake ni kwamba wageni wakiketi, mimi ndiye niliyekuja mezani na orodha, nikiwashauri, nikifungua chupa mbele yao kwa kizibuo changu cha mpini wa pembe, na kumwachia mhudumu amimine.

Nilikuwa mtu mwenye kujiona. Siwezi kulisema kwa upole zaidi. Kila siku kabla ya chakula cha mchana niliwapanga wahudumu jikoni, niwaulize: mvinyo huu unatoka wapi, unanywewa na chakula gani, baridi au wa kawaida? Aliyekosea alisimama pembeni na wenzake wakimtazama. Niliona ndiyo njia ya kufundisha.

Neema aliletwa kwangu akiwa na umri wa miaka kama thelathini. Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu. Alikuja Kampala na mtoto mmoja wa kike mgongoni, mumewe akiwa amepotea kwenye vita. Huko kwao alilelewa katika nyumba ya mapadri, mama yake akiwa mpishi wao, naye tangu utotoni ndiye aliyekuwa akiandaa meza. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na alisema Kiswahili cha Kongo kilichowachekesha wahudumu wengine. Mimi aliniita Papa Rajab. Wengine wote waliniita Mzee au ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, na nakiri nililipenda lile neno Papa.

Katika maswali yangu ya jikoni hakukosea hata siku moja. Halafu nikagundua kwamba ana ulimi. Nilimpa mvinyo aonje, akafikiri, akaniambia, "Huu unafanana na ganda ya pera yenye haijaiva." Au, "Huu uko na harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi." Nikanusa, na kweli ilikuwamo. Nikaandika. Jioni nilisimama mezani kwa wageni nikawaambia maneno yale yale, ganda la pera, mvua na vumbi, nao wakanitazama kwa heshima. Kwa miaka miwili Neema alikuwa ulimi wangu, na sikumwambia mtu yeyote. Hakulalamika. Nafikiri alidhani ndivyo kazi ilivyo.

Kuna siku moja alinisahihisha. Nilikuwa nikiwafundisha wahudumu jina la mvinyo mmoja mweupe wa Alsace, Riesling, nami nikasema "Raislingi," kama nilivyosema miaka yote. Neema akasema taratibu, "Papa, padri alikuwa anasema Rislingi. Alikuwa mutu wa kule kule." Mhudumu mmoja akacheka puani. Nikasema, "Asante, Neema," nikaendelea. Lakini sikusahau. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nawaeleza hili mapema kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba yaliyofuata yalikuwa kosa la kutojua.

Mzigo wa mvinyo kutoka nje ulifika Ijumaa mchana, wakati nimeshuka Kibuli kuswali. Neema ndiye aliyeupokea, peke yake, kwa funguo nilizomwachia. Hati ya mzigo iliandika "mvinyo wa Alsace" na idadi ya katoni, basi. Kesho yake asubuhi alinifuata mlangoni mwa stoo.

"Papa Rajab, mu ile katoni moja muko na nyekundu. Nilisoma lebo. Tuitenge na zingine."

"Nyekundu ipi?"

"Nyekundu ya Alsace."

Nikatabasamu. Nalikumbuka hilo tabasamu na natamani ningeweza kulifuta usoni mwa yule mtu niliyekuwa. "Neema, Alsace hakuna mvinyo mwekundu. Weka zote kwenye baridi."

"Iko, Papa. Kwa mapadri tulikuwa nayo kwa Pasaka. Ni kidogo, haina rangi mingi, lakini iko."

"Zote kwenye baridi," nikasema tena, na nikaenda kufunga tai yangu.

Siku hiyo, Jumamosi, kulikuwa na karamu kubwa ya mchana. Mzee mmoja mfanyabiashara alikuwa akimsherehekea binti yake aliyehitimu chuo kikuu. Watu wapatao arobaini, wamevaa gomesi na kanzu na suti, wameketi bustanini. Chakula kilikuwa samaki, na mzee mwenyewe alikuwa ameagiza mvinyo mweupe wa zile chupa ndefu, kwa sababu nilimshauri mimi. Nilishuka stoo, nikachukua chupa ya kwanza katika katoni ya karibu. Kioo kilikuwa cha kijani kibichi na taa ya mle ndani ni hafifu. Lebo sikuisoma. Nilikuwa nimezishika chupa za namna ile miaka mingi, nisome nini?

Nikaja mezani. Nikaonyesha chupa, nikakata kofia kwa kisu kidogo cha kizibuo. Kofia ilikuwa nzima, imebana, nililazimika kuikata mara mbili. Nikazungusha kizibuo, nikavuta. Kizibo kilikuja kwa shida, kikatoa ule mlio mdogo wa kizibo kizuri, na upande wa chini kilikuwa na rangi ya zambarau. Hapo nilipaswa kusimama. Nilikiona. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, nikampa Neema chupa amimine.

Uliotoka ulikuwa mwekundu mwepesi, wa kupenyeza mwanga, kama maji ya rosela yaliyozidishiwa maji. Yule mzee akainua glasi juani, akaigeuza.

"Hii nini?" akauliza. "Mmetuletea sharubati?"

Meza ikacheka. Mjomba mmoja akasema kwa Kiganda jambo ambalo liliwafanya kina mama wafunike midomo. Binti aliyehitimu alicheka pia, bila ubaya, lakini nilihisi kicheko hicho kikinishika shingoni. Meneja Mkuu, mgeni kutoka ng'ambo ambaye hakuwa na miezi mingi nchini, alikuja haraka akauliza kuna nini.

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Bwana, Alsace hakuna mvinyo mwekundu. Chupa hii imechezewa."

Neema alinigeukia. "Papa, haikuchezewa. Onja."

"Sionji. Unajua sionji."

"Basi mupe mutu aonje. Yeyote."

Hakuna aliyeonja. Nikaiondoa chupa mezani na glasi zote, nikaleta nyingine, mara hii nikisoma lebo, nikaomba radhi, na karamu ikaendelea.

Baada ya chakula Meneja Mkuu alituita ofisini. Aliniuliza kwanza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Nilimwambia kwamba mvinyo ulikuwa mwepesi mno, dalili kwamba mtu ameiba mweupe wa ndani, akajaza mwekundu wa bei rahisi uliotiwa maji. Kwamba katika chupa za Alsace hakujawahi kutoka mwekundu. Kwamba mzigo ulipokelewa jana nikiwa msikitini. Yote hayo niliyasema kwa utulivu, mikono nyuma.

"Nani aliupokea?"

"Neema, bwana."

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa akitafuta njia ya kumwokoa. Akauliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. "Msimamizi, wewe ndiye uliyefungua. Kofia na kizibo vilikuwaje?"

Vijana wangu, nimeishi na swali hilo miaka mingi kuliko umri wenu. Mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka ile kofia ilivyobana. Nilijua chupa ile haikuwa imefunguliwa na mtu tangu ilipofungwa huko ilikotoka. Pia nilijua kwamba nikisema hivyo, kosa litabaki moja tu, nalo ni langu: la kutosoma lebo, la kuonywa asubuhi nikakataa, la kuropoka mbele ya wageni arobaini. Na wahudumu wangecheka puani tena.

"Vilikuwa vimelegea, bwana," nikasema.

Neema hakupiga kelele. Alimweleza Meneja juu ya mapadri na Pasaka, lakini Kiswahili chake kilikuwa kikitafsiriwa, na mfasiri nilikuwa mimi. Niliyasema maneno yake bila kuyabadilisha, ila niliyasema kwa sauti ya mtu asiyeyaamini, na hiyo ilitosha. Meneja alisema hatamwita polisi, kwa kuwa ana mtoto. Alisema avue sare, aende, na asiombe barua ya sifa. Kwa mkimbizi katika mji huu, barua ya sifa ndiyo mlango wenyewe.

Nilimsindikiza mpaka geti la wafanyakazi, kama utaratibu ulivyotaka. Alikuwa amebeba viatu vyake vya kazi katika mfuko wa plastiki, kisha akakumbuka kwamba ni vya hoteli, akavirudisha kwangu. Akasema jambo moja tu.

"Papa Rajab, ni wewe ulifungua."

Akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Nilibaki nimeshika viatu.

Ningeweza kusema hapo ndipo kosa lilipoishia. Halikuishia hapo. Chupa zilizobaki katika ile katoni zilirudishwa kwa muuzaji pamoja na malalamiko yetu. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja, na kwa kuwa lilihusu mvinyo lilipelekwa kwenye meza yangu. Muuzaji aliandika kwa adabu nyingi. Alisema mvinyo ule ni halali na ni mzuri. Mkoa ule, alieleza, unajulikana kwa mweupe, lakini zipo familia za wakulima ambazo tangu zamani zimepanda pinot noir, zabibu nyeusi yenye ganda jembamba, na kwa kuwa ganda ni jembamba na kule kuna baridi, rangi hutoka nyepesi. Hutiwa katika chupa ndefu zile zile. Hunywewa ukiwa umepozwa kidogo. Akaomba radhi kwamba hati ya mzigo haikutenganisha mwekundu na mweupe.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaketi nikaisoma tena. Ofisi ya Meneja Mkuu ilikuwa hatua chache kutoka pale, mlango wake wazi, namsikia akizungumza kwenye simu. Kama ningeingia na ile barua, Neema angeitwa siku hiyo hiyo. Nilijua hata pa kumpata, alikuwa bado amepanga chumba Katwe. Niliikunja barua nikaiweka katika droo chini ya orodha za zamani, nikajiambia nitaipeleka kesho. Kesho nikajiambia Ijumaa. Meneja huyo alimaliza mkataba wake akaondoka nchini, akaja mwingine, na yule mwingine hakumjua Neema. Nikajiona nimepumzika. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ile raha ndiyo ilikuwa sehemu mbaya kuliko uwongo wenyewe.

Lipo na hili. Nililiandika mwisho kwa sababu nimelifuta mara tatu. Baada ya miaka michache niliagiza ule mvinyo tena. Nikauweka kwenye orodha, na nikawa nikisimama mezani kwa wageni nikisema, "Wengi hawajui, lakini Alsace wana mwekundu pia. Mwepesi, hauna rangi nyingi, hunywewa Pasaka." Maneno ya Neema, hata ile Pasaka. Wageni walishangaa, wakaonja, wakafurahi. Kuna waliorudi kwa ajili ya mvinyo huo peke yake na kuniulizia kwa jina. Niliwafundisha wahudumu vizazi viwili kuutambua: chupa ndefu, lebo isomwe, uonjwe kabla ya kuhukumiwa. Hakuna mhudumu aliyeuliza nilijifunza wapi.

Siku ya kuniaga kustaafu, walikata keki. Meneja wa sasa, mwanamke wa Mbarara mwenye sauti ya furaha, alisimama akasema, "Mzee Rajab ndiye aliyetufumbua macho. Nani hapa angejua mvinyo mwekundu unaweza kutoka kwa watu wa mweupe?" Wakapiga makofi. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema asante. Nilirudi nyumbani na keki katika sahani ya karatasi na sikuweza kuila. Mke wangu akaniuliza nini kimenipata. Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Na mtoto wake alikuwa na umri gani?" Sikuwahi kuuliza.

Nilianza kumtafuta. Katwe hawakumkumbuka. Nilikwenda kwenye makanisa ya Wakongo, nimevaa kofia yangu ya Kiislamu, watu wakinitazama kwa wasiwasi wakidhani nimekuja kudai kitu. Niliuliza Kikuubo kwa wauza vitenge. Mwisho mama mmoja muuza dagaa akaniambia yuko Neema wa Bukavu ana mkahawa Wandegeya, nyuma ya maduka ya kuchapisha karatasi, anawapikia wanafunzi.

Nilikwenda saa nne asubuhi, nikitumaini hakutakuwa na wateja. Ulikuwa mkahawa mdogo wenye meza sita na mapazia safi, unanukia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga kitenge, anachagua mchele kwenye ungo. Aliinua macho. Hakuhitaji kuniuliza mimi ni nani.

"Papa Rajab," akasema. "Umezeeka."

"Nimekuja kukuambia jambo."

"Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihofia nikikaa nitaanza kupamba maneno. Nilimwambia kofia ilikuwa imebana na kizibo kilikuwa kizima. Nilimwambia juu ya barua na droo. Nilimwambia juu ya orodha, wageni, makofi, na vijana wa hoteli wanaoniita mwalimu. Aliendelea kuchagua mchele wakati wote, akitoa mawe na kuyaweka ukingoni mwa meza.

Nilipomaliza akasema, "Ya kizibo nilijua. Niliona mikono yako ukivuta. Lakini ya barua sikujua." Akaweka ungo chini. "Unajua umenifanya nini? Ile nyumba ya mapadri iliungua. Mama yangu alikufa, padri alirudi kwao. Hakuna mutu alibaki wa kuuliza. Mimi nikawa nakaa usiku, najiuliza, kweli ilikuwa nyekundu? Ama nilikuwa mutoto nikaota? Kama wewe mwenye kujua vitabu unasema haiko, pengine haiko. Pengine na Pasaka haikuwa hivyo. Pengine na mama hakuwa hivyo. Nilianza kuogopa kukumbuka kwetu."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Katika miaka yote ya kujilaumu nilihesabu kazi aliyoipoteza, sare, barua ya sifa. Sikujua kwamba nilimharibia mpaka huko.

"Ilikuwa nyekundu," nikamwambia. "Ilikuwepo. Ulisema kweli."

Akaufunika uso kwa ncha ya kitenge, akakaa hivyo. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Furaha! Kuja hapa."

Akatoka mwanamke mrefu aliyevaa aproni, ana upawa mkononi. Ndiye yule mtoto aliyekuja mgongoni.

"Huyu ni Papa Rajab wa ile hoteli," Neema akamwambia. Halafu akanigeukia. "Watoto wa jirani walimwambia mama yake ni mwizi wa pombe. Alipigana nao mpaka akavunjwa jino. Mwambie."

Nikarudia yote mbele ya binti. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hakuwa na mchele wa kutazama, alinitazama mimi. Nilipofika mwisho alikuwa na swali moja.

"Na wewe, uliendelea na kazi?"

"Niliendelea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka walipokata keki," nikasema, na nikaona lilivyo jibu la kipumbavu. Nikasema, "Mpaka nikastaafu, mwanangu. Sikupungukiwa na kitu."

Akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nikasikia akigonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, kwa nguvu.

Nilimwambia Neema kwamba nitakwenda hotelini kumweleza Meneja, na nilikwenda. Meneja alinisikiliza kwa huruma akasema, "Mzee, hayo ni ya zamani, jipumzishe." Alipoona siondoki, aliita wahudumu jikoni kabla ya chakula cha mchana, nikasimama mahali nilipokuwa nikiwasimamisha wenzangu waliokosea, nikawaambia. Wengine walitazama sakafu. Mmoja, niliyemfundisha mwenyewe, aliondoka kabla sijamaliza na hajanipigia simu tangu siku hiyo. Simlaumu.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile ya Wandegeya nilimuuliza Neema kama atanisamehe. Alisema hajui, na kwamba swali lenyewe nimeliuliza mapema. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, wanapiga kelele, wanaagiza. Akasimama akajifunga vizuri kitenge chake.

"Wanakuja kwako, wale vijana wa hoteli, kujifunza?"

"Wanakuja."

"Basi iandike. Usiandike mwanamke mmoja, ama mukimbizi mmoja. Walinifukuza kwa jina yangu. Uniandike kwa jina yangu."

Kwa hiyo naandika. Anaitwa Neema Nabintu, wa Bukavu. Hakuiba, hakutia maji, hakusema uwongo. Alijua mvinyo kuliko mimi.